Bia ya ndizi: kwa nini chupa moja inafumuka na nyingine imelala

Leo tunaliacha shamba tunaingia stoo, maana maswali ya vinywaji vya ndizi yamekuwa mengi kuliko ya mnyauko.

Kijana mmoja anayesindika ndizi zake huko Meru ameniandikia hivi: "Bwana shamba, shikamoo. Nimefunga chupa 60 za bia ya ndizi, pipa moja, siku moja, sukari ile ile. Nyingine nikifungua povu linaruka mpaka mezani kunabaki robo chupa. Nyingine imelala kabisa, kama juisi ya jana. Mwenye baa amenirudishia kreti moja. Sasa niongeze sukari au nipunguze?"

Marahaba kijana wangu. Usiongeze, usipunguze. Ukiongeza, zile zilizolala zitaamka kidogo na zile zinazofumuka zitapasuka. Ukipunguza, nusu ya mzigo wako itakuwa maji. Kama nusu imezidi na nusu imepungua, inawezekana kabisa sukari uliyopima ilikuwa sahihi, ila haikufika kila chupa kwa kiasi kilekile. Au ilifika, lakini kuna kitu kingine kimetofautiana. Kazi yetu leo ni kukijua kitu hicho, na njia ya kukijua si kuonja chupa moja na kukisia. Ni kuangalia ni chupa zipi zimezidi na zipi zimepungua. Chupa zina mpangilio wake, na mpangilio huo ndio unaotaja kosa.

Lakini kwanza usalama, maana hapa watu wanapoteza macho.

Bia yenye gesi ya kawaida, ikiwa kwenye nyuzijoto 20, inasukuma kuta za chupa kwa takriban bar 2. Huo ni kama upepo wa tairi la gari dogo. Joto la stoo likipanda hadi 30, chupa ileile inakaribia bar 3. Sasa chupa iliyozidi gesi karibu mara mbili, kwenye joto hilo la 30, inavuka bar 5. Chupa ya bia iliyotumika mara nyingi na kugongwagongwa kwenye kreti haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Na ikipasuka moja, vigae vyake vinapasua za jirani.

Kwa hiyo kama umeshaona chupa hata moja imefumuka vibaya, usianze kuzihamisha zikiwa za moto mchana. Funika kreti kwa gunia au blanketi zito lililolowana, watoto wasiingie humo, subiri alfajiri kukiwa na baridi. Vaa miwani ya kazi, ile ya fundi wa kuchomelea au ya kupulizia dawa inatosha, glavu nene na nguo ya mikono mirefu. Zipeleke kwenye friji au kwenye pipa la maji ya barafu. Baridi ni rafiki yako: chupa iliyokuwa na bar 5 kwenye joto, ukiishusha hadi nyuzi 4 inarudi kama bar 2, kwa sababu gesi inarudi kuyeyuka ndani ya kinywaji. Na tafadhali, kuna ushauri unazunguka kwamba uzichemshe chupa ili kuua hamira. Chupa iliyozidi gesi ukiitia kwenye maji ya moto umejitengenezea bomu. Usifanye.

Gesi inaingiaje chupani

Wengi mnafanya kwa kukariri, kwa hiyo tuelewane hapa. Juisi ya ndizi ikishachachuka na kumaliza, sukari imekwisha na hamira imelala. Ndani ya kinywaji kumebaki gesi kidogo tu. Tunaongeza sukari kidogo ya kuamsha, tunafunga kizibo, hamira iliyobaki inaila ile sukari, na gesi inayotoka haina pa kwenda, inayeyuka humohumo.

Hesabu yake si ngumu. Sukari ya kawaida ya dukani, gramu 4 kwa lita, hutoa karibu lita moja ya gesi ndani ya kila lita ya bia. Bia iliyochachuka kwenye joto la 20 hadi 25 tayari ina kama lita 0.8 ya gesi yake. Bia nyingi za viwandani ziko kati ya 2.2 na 2.6. Basi ukiweka gramu 6 kwa lita unapata 1.5, jumlisha 0.8, unafika 2.3. Hapo pazuri. Kwa pipa la lita 30 ni gramu 180, zipimwe kwa mizani ya gramu. Mizani hiyo ndogo ya jikoni ni bei ya kreti chache za bia yako, nunua.

Ili chupa 60 zifanane, kila moja ipate sukari sawa, hamira sawa, joto sawa, na kizibo kinachoshika sawa. Na asiwemo mgeni, yaani vijidudu vya uchafu.

Chukua kalamu ya wino mzito

Kuanzia pipa lijalo, kila chupa unayofunga iandike namba juu ya kizibo kwa mfuatano wa kujaza: 1, 2, 3 mpaka 60. Andika na aina ya chupa kama zimechanganyika. Kazi yenyewe ni dakika kumi. Kijana wangu wa Meru hakuwa na namba, lakini kwa bahati alipanga kreti kwa mfuatano aliojaza, kwa hiyo alikumbuka kreti ya kwanza ni ipi.

Baada ya wiki mbili chukua chupa tatu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Ziweke kwenye friji siku nzima na usiku wake, zikiwa zimesimama. Hili la friji si mbwembwe. Bia yenye gesi sahihi kabisa ukiifungua ikiwa na joto au imetikiswa na bodaboda, itafumuka, nawe utadhani una tatizo ambalo huna. Ndipo ufungue zote tatu pamoja, umimine kwenye glasi tatu, uonje.

Chupa za mwanzo zinafumuka, za mwisho zimelala

Huu ndio mpangilio ninaouona mara nyingi, na ndio uliokuwa wa yule kijana. Hapa kosa ni kuchanganya.

Alimimina sukari, tena ikiwa kavu, juu ya pipa lililojaa, akakoroga mara mbili tatu kwa mwiko, akafungua koki. Sukari ni nzito kuliko bia iliyokwisha kuchachuka. Hata ukiiyeyusha, shira yake inazama chini. Na koki iko wapi? Chini. Kwa hiyo chupa za kwanza zilikunywa shira, za mwisho zilipata bia isiyo na sukari.

Namna ya kurekebisha: chemsha ile sukari na maji kidogo, kama nusu lita, dakika tano, ipoe ikiwa imefunikwa. Tafuta ndoo ya pili yenye koki, safi. Shira iwe ya kwanza kuingia kwenye ndoo tupu. Kisha vuta bia kwa mpira kutoka pipa la kuchachushia, ncha ya mpira ilale chini ya ndoo pembeni, ili bia ikiingia izunguke yenyewe na kuichukua shira. Ikijaa, koroga polepole kwa mwiko mrefu uliochemshwa, kutoka chini kwenda juu, bila kurusha mapovu, maana hewa inaharibu ladha. Ukifika katikati ya kujaza, simama, koroga tena taratibu.

Kuhamishia kwenye ndoo ya pili kuna faida nyingine. Mashapo ya ndizi yanabaki nyuma. Ndizi ina nyuzinyuzi na utelezi mwingi, na vipande vile vidogo vikiingia chupani gesi inavishika na kutoka kwa pupa ukifungua. Unaweza kuwa na chupa mbili zenye gesi sawa, moja safi na moja yenye tope, na ile ya tope ikafumuka. Chupa za mwisho kabisa, zile unazoinamisha ndoo ili zijae, ndizo zinazobeba tope. Ziweke kando, kunyweni nyumbani.

Kijiko kwenye kila chupa

Wapo wanaokwepa ndoo ya pili kwa kutia kijiko cha sukari moja kwa moja kwenye chupa. Nasema wazi, kwa biashara siipendi njia hii. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Kikijaa kilima ni gramu 7. Chupa ya 500 inahitaji gramu 3 tu. Sasa umetia kijiko cha kilima kwenye chupa ya 500: hiyo ni gramu 14 kwa lita, gesi imepita 4. Dada yako anayekusaidia akatia kijiko hichohicho kwenye chupa ya 330: ni gramu 21 kwa lita. Mvinyo wa Champagne kule Ufaransa hutiwa kama gramu 24 kwa lita, na chupa yake ina uzito wa zaidi ya gramu 800, kizibo chake kimefungwa kwa waya. Wewe umeweka karibu kiasi kile kwenye chupa nyembamba ya kuokota baa.

Zinafuata rafu, si namba

Kama namba hazioneshi kitu, angalia zilikaa wapi. Juni mpaka Agosti usiku wa Arusha na miteremko ya Kilimanjaro unashuka hadi nyuzi 12 au 13, wakati mwingine chini ya hapo. Kreti iliyo sakafuni kwenye saruji inalala na baridi hiyo, na hamira nyingi zikipigwa na baridi zinazama chini na kusinzia. Kreti ya juu, karibu na bati, inapata joto mchana kutwa. Baada ya wiki mbili ya juu iko tayari na ya chini bado.

Ukifungua hiyo ya chini utaikuta imelala na ina utamu. Shika sana alama hii: imelala na ni tamu, maana yake sukari ipo, hamira haijaila. Hapo dawa ni joto na subira. Zihamishie kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25, zigeuze kichwa chini mara moja polepole ili hamira ipande, subiri wiki mbili nyingine. Usifungue kuongeza sukari! Sukari ipo, ukiongeza na hamira ikaamka, utakuwa na balaa la kreti nzima.

Imelala na si tamu, ni kavu kabisa? Hiyo haina sukari tangu mwanzo (rudi kule kwenye kuchanganya), au gesi ilitengenezwa ikatoroka.

Kutoroka ni suala la kizibo. Vizibo vya zamani vilivyonyooshwa kwa nyundo havishiki, wala usibishane na mimi kwenye hili. Mashine ya mkono ya kufungia nayo inalegea, au mdomo wa chupa umemegeka kidogo usipoona. Na chupa za kizibo cha kuzungusha zina mdomo tofauti, kizibo cha kubana hakizishiki vizuri. Jaribio ni rahisi: izamishe chupa kwenye maji ya kawaida mpaka juu ya kizibo, uangalie kama vipovu vinapanda. Chagua aina moja ya chupa, ukubwa mmoja, na ujaze usawa mmoja, ukiacha nafasi ya vidole viwili hivi chini ya kizibo.

Zote zinapanda, kila wiki zaidi

Wiki ya pili nzuri, ya nne kali, ya sita unaogopa kuingia stoo. Hapa hakuna tatizo la kugawanya sukari. Ulifunga bia ambayo haijamaliza.

Kuacha kutoa mapovu si ushahidi kwamba imemaliza. Usiku wa baridi tu unaweza kuyasimamisha. Ushahidi ni haidromita. Chukua kipimo, subiri siku tatu, pima tena, kisha siku tatu nyingine. Vikilingana vyote vitatu, funga. Mimina sampuli huku na huku kwanza gesi itoke, maana mapovu yanaibeba haidromita juu na kukudanganya. Kila tarakimu ya mwisho ina uzito: ukifunga ikiwa 1.012 wakati mwisho wake halisi ni 1.006, hizo hatua sita ni kama lita 3 za gesi kwa kila lita ya bia, kabla hujaongeza hata chembe ya sukari ya kuamsha. Sasa ongeza zile gramu 6. Umeelewa zinavyopasuka.

Na hapa lazima niseme jambo kuhusu kimea, kwa sababu vijana wengi mnataka kuchukua ujuzi wa bibi na kuufunga chupani. Ni wazo zuri, lina soko. Ila mbege ya Uchagani na rubisi ya Kagera ni vinywaji vya kunywewa ndani ya siku chache, bado vikiwa vinachemka. Hakuna aliyevitengeneza vikae chupani mwezi mzima. Ukitia kwenye juisi unga wa kimea, uwe wa mtama au ulezi, bila kuupika, vimeng'enya vyake vinabaki hai, na kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari. Ndizi ambayo haikuiva sawasawa ina wanga mwingi. Hamira haiwezi kula wanga, lakini kimeng'enya kinauvunja polepole, kinampa hamira sukari mpya kila siku. Haidromita ilikwambia imemaliza, na kweli ilikuwa imemaliza ya siku ile. Kwa hiyo bia ya chupa iwe ya ndizi zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, na kama unataka kimea kwa ladha, kichemshe kwanza.

Chupa mojamoja tu, hapa na pale

Namba hazisemi kitu, rafu hazisemi kitu, lakini katika chupa 60 kuna nne au tano zinafumuka kama kichaa. Zionje. Zikiwa chachu, au nyepesi kama maji, au ndani ya shingo kuna duara la uchafu ulioshika kioo, hizo ni chupa chafu. Vijidudu vya humo vinakula hata sukari ambazo hamira yako imeziacha.

Chupa za kukusanya baa zina tope lililokauka chini, na kulisuuza haitoshi. Loweka usiku kucha kwenye maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa brashi ya chupa, ishike kwenye mwanga uichungulie kutoka mdomoni. Ikiwa na kivuli, rudia au itupe. Ukiua vijidudu kwa jiki, tia kiasi kidogo kwenye maji baridi, kisha suuza sana kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ili harufu isibaki. Usisahau koki. Fungua koki ya ndoo yako leo uiangalie kwa ndani, halafu uniambie umeona nini. Kama uchafu umekaa kwenye koki, zitaharibika zote, si mojamoja.

Ule mzigo uliopo sasa

Kwa kijana wa Meru: kreti ya kwanza, yenye gesi nyingi, ikishapoa siku mbili kwenye friji, inua kila kizibo kidogo kwa kifungulio mpaka usikie inapumua, iachie, rudia baada ya nusu saa, kisha funga kwa kizibo kipya. Fanya hivyo chupa ikiwa ndani ya ndoo na kitambaa kizito juu yake. Kreti ya katikati ni nzuri, onja mbili kisha uza. Ya mwisho, iliyolala na kavu, iuze nyumbani kama mvinyo usio na gesi kama leseni yako inaruhusu, au itumie kutengeneza siki. Zilizochacha mwaga.

Yule mwenye baa usimrudishie chupa zilizorekebishwa. Mpe kreti ya pipa jipya, na umwambie ukweli kwamba ile ya zamani iliondolewa. Alama ya TBS unayoitafuta pia haitapatikana kwa mzigo ambao kila chupa ina tabia yake, maana wanachukua sampuli, na hujui mkono wao utaangukia namba ngapi.

Kwenye pipa lijalo, jaza chupa tatu za plastiki za soda pamoja na zile za kioo: moja mwanzo, moja katikati, moja mwisho. Ziminye kila asubuhi. Zikikaza pamoja, umechanganya vizuri. Ya mwanzo ikiwa ngumu kama jiwe na ya mwisho bado inabonyea, umejua siku ya nne badala ya kujulishwa na mteja. Na zote tatu zikiwa ngumu ndani ya siku tatu tu, peleka kreti zote kwenye baridi siku hiyohiyo, kisha uniandikie namba za haidromita ulizosoma kabla ya kufunga.